Mkono Unaishia Wapi? Majina ya Sehemu za Mwili baina ya Kimeru, Kiembu na Kiswahili cha Hospitali

Utangulizi

Mtu yeyote anayefika hospitalini akiwa na maumivu hukabiliwa kwanza na swali moja fupi: "Unaumwa wapi?" Swali hili huonekana jepesi, kwa kuwa kila mtu anaufahamu mwili wake. Hata hivyo, jibu lake hutegemea jambo ambalo wengi hawalitilii maanani, nalo ni kwamba mwili haukuchorwa mipaka. Ngozi ni moja kuanzia utosini hadi unyayoni. Ni lugha inayosema kwamba hapa bega limekwisha na mkono umeanza, au kwamba hapa kifua kimefika ukingoni na palipo chini yake ni tumbo. Na kwa kuwa lugha ni nyingi, mipaka nayo ni mingi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi majina ya sehemu za mwili yanavyopishana katika maeneo ya Meru na Embu, ambako mgonjwa aghalabu hufikiri kwa Kimeru au Kiembu, huhojiwa kwa Kiswahili, na maelezo yake huandikwa kwa Kiingereza katika faili. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili hakina uhaba wa majina ya mwili. Kinachokosekana ni makubaliano kuhusu mipaka ya majina hayo, na kukosekana huko kunaweza kumgharimu mgonjwa.

Mwili mmoja, lugha tatu

Kimeru na Kiembu ni lugha za Kibantu. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kiembu kilipewa alama ya E52 na Kimeru E53, karibu na Gikuyu (E51) na Kikamba (E55), ilhali Kiswahili kimewekwa katika G42. Undugu wa lugha hizi hudhihirika upesi katika majina ya mwili. Mwili wa Kiswahili ni mwiri katika Kimeru, ulimi ni rurimi, mgongo ni mugongo, na jicho ni riitho. Hata mguu na kuguru, ambayo kwa sikio la kawaida hayafanani, yametokana na shina moja la kale. Kiswahili kiliidondosha konsonanti ya katikati, Kimeru kikaihifadhi. Ifahamike kwamba Kimeru chenyewe kina lahaja kadhaa, zikiwemo Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, Kimwimbi na Kimuthambi, na kwa hiyo matamshi ya maneno yanayotajwa hapa hubadilika kidogo kutoka eneo moja hadi jingine. Vilevile, tahajia iliyotumiwa imeacha alama za irabu ili kumrahisishia msomaji.

Mtoto anayelelewa Nkubu au Runyenjes huufahamu mwili wake mara tatu. Mara ya kwanza ni nyumbani, anapooshwa na kuvishwa, na hapo hujifunza kiongo, njara, nda na kuguru. Mara ya pili ni katika kipindi cha Kiswahili, anapokariri orodha ya utosi, kisogo, panja, kidevu, kwapa, muundi na kisigino. Mara ya tatu ni katika somo la sayansi, ambalo hufundishwa kwa Kiingereza, kwa kuwa sera ya elimu nchini Kenya kwa muda mrefu imeitengea lugha ya eneo madarasa ya mwanzo tu, kisha Kiingereza kikachukua nafasi kuanzia darasa la nne.

Tatizo ni kwamba miili hii mitatu haikutanishwi. Majina ya nyumbani yana maumivu na kumbukumbu, lakini hayaandikwi. Majina ya Kiswahili huandikwa katika mtihani, lakini mengi hubaki humo. Mwanafunzi anaweza kutaja kidole cha shahada bila kujua kwamba jina hilo limetokana na desturi ya Waislamu ya kuinua kidole hicho wanapotamka shahada, na anaweza kuutaja muundi bila ya kuugusa. Majina ya sayansi nayo yana mipaka iliyopimwa, lakini si lugha ambayo mzazi wake atailalamikia ugonjwa. Anapougua, mtu huchota kutoka katika visima vyote vitatu kwa pamoja, na mhudumu hulazimika kukisia maji yametoka wapi.

Mkono na njara

Mfano ulio wazi zaidi ni mkono. Katika Kiswahili, mkono huanzia begani hadi ncha za vidole. Katika Kimeru na Kiembu, njara hufanya kazi hiyohiyo. Kiingereza hukata sehemu hiyo mara mbili na kuzipa majina mawili tofauti ya msingi, moja la sehemu ya juu na jingine la kiganja na vidole. Lugha zote hizi zimo katika mkondo unaofahamika duniani. Cecil Brown, katika atlasi ya miundo ya lugha za ulimwengu iliyochapishwa mwaka 2005, alilinganisha lugha 617 na kupata kwamba 228 kati yazo hutumia neno moja kwa mkono wote, ilhali 389 hutofautisha. Kiswahili na Kimeru, kwa hivyo, si lugha zilizosahau kutaja kitu. Zimechagua kukitazama kiungo hiki kwa ukamilifu wake, yaani kile kinachofikia, kinachoshika na kinachopokea.

Ugumu hutokea pale neno la jumla linapohitajika kutoa kipimo. Chukua suala la majeraha ya moto, ambayo hutokea mara kwa mara majumbani ambako chakula hupikwa juu ya moto wa kuni. Tangu mwaka 1951, wauguzi na madaktari wametumia kanuni ya tisa kukadiria sehemu ya mwili iliyoungua. Kwa mtu mzima, kichwa na shingo huhesabiwa kuwa asilimia 9, kila mkono asilimia 9, kila mguu asilimia 18, upande wa mbele wa kiwiliwili asilimia 18, na upande wa nyuma asilimia 18. Asilimia 1 iliyosalia ni ya sehemu za siri. Lakini kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 peke yake. Basi ikiwa jamaa atapiga simu na kusema, "Mama ameungua mkono," kauli hiyo inaweza kuwa na maana ya asilimia 1 au asilimia 9. Kiasi cha maji ambacho mgonjwa aliyeungua vibaya huongezewa mishipani hukadiriwa kutokana na asilimia hizo. Tofauti ya mara tisa si jambo dogo.

Je, Kiswahili kimekosa maneno ya kuondoa utata huu? La hasha. Kipo kiganja au kitanga cha mkono. Kipo kigasha, ambacho ni sehemu ya mkono iliyo kati ya kiungo kinachokunjika katikati na kiganja. Lipo bega, lipo kwapa, na ipo mitulinga, yaani mifupa inayotoka shingoni kuelekea mabegani. Ajabu ni kwamba neno kigasha ni nadra kusikika katika mazungumzo ya Meru na Embu, ingawa limo katika kamusi.

Kuna maneno mengine yanayosikika sana lakini yasiyotulia mahali pamoja. Neno kiwiko ni mojawapo. Kamusi za kale zililieleza kuwa kifundo kilicho karibu na kiganja, na kiwiko cha mguu kikawa kile kilicho juu ya kisigino. Katika matumizi ya leo, wasemaji wengi hulitumia kwa kiungo cha katikati ya mkono, kile ambacho wengine hukiita kisugudi au kivi. Mwalimu akifundisha maana moja na muuguzi akielewa nyingine, mgonjwa aliyevunjika mfupa atakuwa amesema kweli na bado asieleweke.

Mguu nao uko hivyohivyo. Kiswahili hutumia neno hilo kuanzia pajani hadi vidoleni, kama Kimeru kinavyotumia kuguru. Chini ya neno hilo kuna paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo, kisigino na wayo. Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda kwenye wayo, akisema tu kwamba ana kidonda mguuni, huenda asivuliwe viatu mapema, ilhali mahali penyewe ndipo panapoashiria hatari.

Tumbo, nda na ndani

Neno la Kimeru na Kiembu la tumbo ni nda. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuliona kuwa neno geni, lakini kwa hakika hulitumia kila siku. Neno ndani limeundwa kutokana na shina hilo la kale la Kibantu lenye maana ya tumbo, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Kiswahili kilipoanza kutumia tumbo kwa kiungo chenyewe, nda ya kale ilibaki katika kielezi cha mahali. Kwa hiyo anayesema "ndani ya nyumba," akifuatilia asili ya neno, anasema "tumboni mwa nyumba."

Historia hii ina maana kwa uchunguzi wa maradhi. Tumbo, kwa msemaji wa kawaida, ni ule undani wote ulio kati ya mbavu na mapaja. Humo mna mfuko wa chakula, ini, utumbo, figo, kibofu na, kwa mwanamke, tumbo la uzazi. Anayesema "tumbo linaniuma" ametaja nyumba nzima bila ya kutaja chumba.

Taaluma ya anatomia huigawa nyumba hiyo katika vyumba tisa. Huchorwa mistari miwili ya wima inayoshuka kutoka katikati ya mitulinga, na mistari miwili ya mlalo, mmoja chini ya mbavu na mwingine ukipita kwenye mifupa ya nyonga. Vyumba vinavyopatikana huweza kutajwa kwa Kiswahili cha kawaida bila taabu yoyote. Safu ya juu ina chini ya mbavu upande wa kulia, chembe cha moyo katikati, na chini ya mbavu upande wa kushoto. Safu ya kati ina ubavu wa kulia, kitovu na ubavu wa kushoto. Safu ya chini ina nyonga ya kulia, kinena na nyonga ya kushoto. Msomaji atambue kwamba maneno haya yote ni ya kale. Hakuna hata moja lililolazimika kubuniwa.

Manufaa ya mgawanyo huo ni makubwa. Ini liko zaidi chini ya mbavu za kulia, na wengu chini ya mbavu za kushoto. Kibofu na tumbo la uzazi viko nyuma ya kinena. Kidole tumbo, ambacho wengine hukiita kibole, kiko kwenye nyonga ya kulia, na kinapovimba, maumivu aghalabu huanza karibu na kitovu kisha huhamia chini upande wa kulia. Kuhama huko ni dalili kubwa. Mgonjwa anayejua kusema, "Yalianza kitovuni, sasa yameshuka nyongani upande wa kulia," amemsaidia daktari kuliko yule ambaye jana alisema tumbo na leo anasema tumbo. Kwa mwanamke mjamzito ambaye mimba imetunga nje ya tumbo la uzazi, maumivu makali ya upande mmoja chini ya kitovu yanaweza kuwa tofauti baina ya kupelekwa chumba cha upasuaji na kurudishwa nyumbani na dawa ya minyoo.

Moyo na chembe chake

Katika safu ya juu ya vyumba vilivyotajwa, jina la chumba cha katikati linahitaji maelezo zaidi. Chembe cha moyo ni pale penye bonde dogo chini ya mfupa wa kifua, mahali ambapo mtu akipigwa ngumi hukosa pumzi. Mahali hapo si moyo. Aliyepalaza jina hilo, hata hivyo, alikuwa na sababu, kwa kuwa maumivu ya mfuko wa chakula na maumivu ya moyo huweza kusikika karibu mahali pamoja.

Kiswahili hakiko peke yake katika jambo hili. Wagiriki wa kale walitumia neno kardia kwa moyo na pia kwa mlango wa juu wa mfuko wa chakula, na hadi leo wanaanatomia huuita mlango huo kwa jina hilohilo. Waingereza nao huita kiungulia kwa jina lenye maana ya kuungua kwa moyo. Lugha zote hizi zimeusikiliza mwili kwa namna moja na kufikia jina moja.

Katika Kimeru, moyo ni nkoro, na katika Kiembu ni ngoro. Kama ilivyo kwa moyo wa Kiswahili, neno hili hubeba kiungo kinachodunda pamoja na hisia, nia na dhamiri. Mtu huwa na moyo mzito, moyo mweupe au moyo wa jiwe. Basi mzee akisema kwamba moyo unamsumbua, msikilizaji ana angalau njia tatu mbele yake. Huenda mzee ana huzuni, pengine kwa kufiwa au kwa mgogoro wa shamba. Huenda ana vidonda vya tumbo na anaonyesha chembe cha moyo. Na huenda moyo wenyewe unakosa damu, hali inayoweza kumuua kabla ya jua kutua. Kosa la kuifuata njia isiyofaa haliko katika Kiswahili wala Kimeru. Liko katika kutouliza swali la pili.

Neno mshipa ni mfano mwingine wa aina hii. Hutumiwa kwa njia za damu, kwa neva na kwa kano, na vilevile kwa ngiri na kuvimba kwa korodani. Mwanamume anayesema "nina mshipa" anaweza kuwa anatafuta heshima tu mbele ya watu, jambo linaloturejesha kwenye utamaduni.

Haya na maneno yasiyotamkwa

Kuna sehemu za mwili ambazo zina majina katika kila lugha lakini hazitamkwi. Katika jamii za Meru na Embu, kama zilivyo jamii nyingi za Kibantu, mazungumzo huongozwa na umri, rika na ukwe. Watu wa rika moja hutaniana na kutajiana mambo waziwazi. Mzazi na mwanawe aliyetahiriwa hawafanyi hivyo, na mkwe ndiye wa kuchungwa zaidi. Lugha yenyewe imeuhifadhi mwiko huu. Katika Gikuyu, ndugu wa karibu wa lugha hizi, thoni ni haya na muthoni ni mkwe. Kimeru nacho husema nthoni kwa haya. Mkwe, kwa asili ya neno, ni mtu wa kuonewa haya.

Hali hii huleta mgongano hospitalini. Tuseme mama mzee asiyejua Kiswahili vizuri amesindikizwa na mwanawe wa kiume, na muuguzi aliye zamu ametoka sehemu nyingine ya nchi. Kijana ndiye mkalimani. Mama ana maumivu ambayo mbele ya mwanawe hawezi kuyataja mahali pake, basi anasema mugongo. Kijana anatafsiri mgongo. Muuguzi anaandika mgongo na kutoa dawa ya kutuliza maumivu. Hakuna aliyedanganya. Mama alichunga heshima, kijana alitafsiri kwa uaminifu, muuguzi aliandika alichosikia, na ugonjwa ukabaki pale pale ulipokuwa.

Kiswahili kina uwezo wa kusaidia hapa kuliko lugha ya nyumbani, na hili ni jambo ambalo watetezi wa lugha za mama huenda wasilipende. Kwa kuwa Kiswahili si lugha aliyonyonyeshwa nayo msemaji wa Meru, maneno yake makali hayamchomi kwa kiwango kilekile. Sehemu za siri, kinena, njia ya haja kubwa na njia ya mkojo ni maneno ambayo mtu mzima anaweza kuyatamka mbele ya mgeni bila kujiona amevunja mwiko. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo haimtaki mtu awe mtovu wa adabu. Inamkumbusha kwamba kuna mahali ambapo adabu yenyewe ni kusema.

Kulia kwa nani?

Maneno ya upande nayo yana mambo yake. Kiswahili husema mkono wa kulia, yaani ule ambao hutumiwa kwa kula. Kimeru husema urio, neno lenye uhusiano uleule na kitenzi cha kula, na upande wa pili ni umotho. Kwa hivyo lugha hizi zinakubaliana hata katika adabu ya mezani. Kiswahili cha pwani huongeza mkono wa kuume kwa upande huohuo wa kulia.

Utata huzuka watu wawili wanapotazamana. Kulia kwa mgonjwa ni kushoto kwa anayemwangalia. Anatomia ililitatua suala hili kwa kukubaliana kwamba mwili huelezwa daima ukiwa umesimama wima, uso mbele na viganja vikitazama mbele, na kwamba kulia ni kulia kwa mwenye mwili. Kanuni hii ni fupi na ingeweza kufundishwa katika kipindi kimoja cha Kiswahili, lakini mtoto huachwa aigundue mwenyewe.

Kilatini nacho kilisafishwa

Huenda msomaji akadhani kwamba vurugu hizi ni dalili ya lugha changa, na kwamba istilahi za Kilatini zimekuwa na utulivu tangu mwanzo. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Andreas Vesalius alipochapisha kitabu chake kikuu kuhusu muundo wa mwili mwaka 1543, aliingia katika uwanja uliojaa majina ya Kigiriki, Kilatini, Kiarabu na Kiebrania kwa kiungo kimoja. Kufikia mwisho wa karne ya 19, majina ya anatomia yalikadiriwa kuwa takriban 50,000, kwa sababu kila chuo kilikuwa na yake. Mwaka 1895, wanaanatomia walikutana Basel nchini Uswisi na kuyapunguza hadi takriban 5,000. Orodha hiyo ilirekebishwa tena Paris mwaka 1955, na mwaka 1998 ikachapishwa orodha mpya ya kimataifa inayotumika kama msingi hadi sasa.

Funzo lililopo ni kwamba uthabiti wa istilahi hauletwi na utukufu wa lugha. Huletwa na watu walioketi pamoja, wakabishana, wakakubaliana, kisha wakafundisha walichokubaliana. Kiswahili kimewahi kufanya kazi kama hiyo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha. Tanzania ilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 na Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Vitabu vipo. Kilichobaki ni kuvitoa kwenye rafu na kuvipeleka pale penye foleni ya wagonjwa.

Mapendekezo

Meru na Embu ni mahali pazuri pa kuanzia. Tiba ya hospitali si ngeni huko. Kazi ya misheni ya Kanisa la Scotland ilifika Chogoria mwaka 1922, na tangu wakati huo wagonjwa na wahudumu wamekuwa wakitafsiriana. Leo eneo hili lina vyuo vya mafunzo ya utabibu mjini Meru na Embu, na vyuo vikuu Meru, Chuka na Embu. Wanafunzi wa uuguzi na wanafunzi wa Kiswahili huishi katika miji hiyohiyo, lakini ni nadra kuketi meza moja.

Jambo la kwanza linalowezekana ni kutayarisha faharasa fupi ya safu tatu: Kimeru au Kiembu, Kiswahili na istilahi ya hospitali. Faharasa hiyo isiwe orodha ya maneno tu. Kila neno liambatane na mchoro wa mwili wenye eneo lililotiwa kivuli, ili mpaka uonekane kwa macho. Neno kiwiko, kwa mfano, lipewe mahali pamoja, na maana nyingine itajwe kama tahadhari.

Pili, walimu wa Kiswahili wafundishe majina ya mwili kwa mipaka. Badala ya kumtaka mwanafunzi akariri muundi, wamtake aonyeshe unaanzia wapi na unaishia wapi. Zoezi la kuwafanya wanafunzi wawili waelekezane kwa maneno tu hadi mmoja aguse mahali alipotajiwa kwenye mwili wake mwenyewe litafichua upesi ni maneno gani hayajaeleweka.

Tatu, wahudumu wa afya wahimizwe kuuliza swali la pili na la tatu. Baada ya "Unaumwa wapi?" lifuate "Nionyeshe kwa kidole kimoja," kisha "Yalianzia hapo, au yamehama?" Kidole kimoja huvuka lugha zote tatu. Panapohitajika mkalimani, achaguliwe kwa kuzingatia haya ya mgonjwa, yaani mwanamke kwa mwanamke na, iwezekanapo, mtu wa rika lake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na inaitaka serikali ilinde lugha za wananchi. Kifungu cha 43 nacho kinampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya inayoweza kufikiwa. Vifungu hivi viwili hukutana pale mgonjwa anapofungua kinywa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kimeru, Kiembu na Kiswahili huugawa mwili kwa kufuata kazi na hisia, ilhali anatomia huugawa kwa mifupa na mistari. Njara na mkono ni kiungo kinachoshika. Nda na tumbo ni undani unaohisi. Nkoro na moyo ni kitovu cha uhai na cha huzuni pia. Mgawanyo wa namna hii una hekima yake, na hakuna sababu ya kuuonea aibu. Lakini anayetibu anahitaji kujua mahali hasa, na Kiswahili, kilichoketi kati ya nyumba na hospitali, kina maneno ya kumwonyesha. Kigasha, kinena, chembe cha moyo na muundi ni maneno yaliyorithiwa, yakapangwa katika kamusi, yakaachwa humo. Mama aliyesema mugongo bado yuko kwenye benchi, akisubiri mtu mwenye kujua kumwuliza vizuri.